Herufi Iliyokaa Viti Viwili

Esekielu alifariki kwenye kituo cha mafuta pale Porirua, mpira wa petroli ukiwa bado mkononi mwake, na filamu aliyokuwa akiiongoza ikiwa imebakiza kitu kimoja tu: mwanzo.

Wasioijua kazi ile walidhani ni mzaha. Filamu gani hiyo inayokwisha kabla ya kuanza? Lakini ndivyo zinavyotengenezwa. Picha hupigwa, zikaunganishwa, muziki ukatiwa, na mwisho kabisa ndipo zinapotengenezwa zile dakika mbili za kwanza, ambamo majina ya watu yanapita juu ya skrini na mtazamaji, bila kuambiwa neno, anajua kama amekuja kucheka au amekuja kuogopa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mkewe, Matalena. Alikuwa na chumba chake juu ya duka la vitambaa huko Newtown, na kutoka chumba hicho ilikuwa imetoka mianzo ya filamu za polisi, za mapenzi, za mizimu. Matalena aliweza kukutisha kwa herufi S peke yake.

"Mgeni akifika mlangoni mpokee," Seki alikuwa akimwambia, maana hakuna aliyemwita Esekielu isipokuwa mama yake na daktari. "Usimwache nje anajiuliza kama ni harusi au msiba."

Filamu hii ya Seki ilikuwa harusi. Ilikuwa habari ya kwaya ya kanisa, Wasamoa watupu, inayosafiri kwa basi kwenda mashindanoni kusini. Chini ya viti wameficha nguruwe mzima wa kuchoma, na mwalimu wa kwaya amepoteza sauti na hataki mtu ajue. Matalena alikwisha kuchora mwanzo wake kwa kalamu, rasimu tu. Basi limesimama, mlango umefunguka, na herufi za majina zinapanda moja moja kama abiria, zinasukumana, zinagombea dirisha. Herufi i inapigwa na upepo, kitone chake kinaruka nje, inashuka kukikimbiza. Halafu inapanda O moja kubwa, nene, imevaa kofia nyeupe ya Jumapili, inakaa viti viwili na haisogei hata iombwe vipi. Nyuma ya yote hayo kwaya inasafisha koo na kutafuta sauti bila kuipata. Seki aliiangalia amesimama, akacheka mpaka akashika ubavu, akasema, "Hiyo hiyo. Usiiguse." Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumanne akaenda kutia mafuta.

Mazishi yalikuwa makubwa. Jamaa walikuja kutoka Auckland, kutoka Apia, wengine kutoka Brisbane. Mikeka laini ya heshima ilitandazwa, ikahesabiwa, ikakunjwa. Wasemaji wakasimama na fimbo zao na maneno yao marefu. Matalena alikaa alipoambiwa akae, akasimama alipoambiwa asimame. Hakulia. Si kwamba alijizuia. Alijisikia kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, anayejibonyeza shavu kwa kidole na kidole ndicho kinachohisi, si shavu.

Siku ya tatu alikuwa kwenye kona ya ukumbi wa kanisa, sahani ya sapasui, tambi za nyama za Kisamoa, mapajani, na shangazi wawili wa marehemu walikuwa upande wa pili wa mlango wa jikoni wakiosha masufuria.

"Yule mtoto wa watu ni jiwe," akasema mmoja.

"Usiseme hivyo. Ni mshtuko ule."

"Mshtuko gani unakula sapasui sahani mbili?"

Matalena alitazama sahani yake. Kweli ilikuwa ya pili. Mtu alimletea, naye hakuona la kufanya na sahani isipokuwa kuimaliza. Akaimaliza.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alikwenda kula kwa mkwewe Cannons Creek kama ilivyo desturi. Mama Moelagi alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuongoza wanawake wa kanisa kwa miaka mingi, na tangu msiba sauti hiyo ilikuwa imeshuka lakini haikuwa imepungua. Walipomaliza kula alifuta mikono, akasema, "Ile filamu ya mwanangu. Picha yake iwe ya kwanza kabisa. Ile ya suti. Na tarehe zake. Na wimbo wa kitabuni, taratibu. Watu wajue ni kazi ya nani kabla hawajaona kingine."

Matalena alijua papo hapo. Alijua kama seremala anavyojua mbao iliyopinda kabla hajaiweka kwenye randa. Lakini kule kujua kulikuwa mbali, kama taa ya nyumba ya mtu mwingine.

"Sawa, mama," akasema.

Philippa, mwanamke wa Kizungu aliyeigharamia na kuisimamia filamu, alipoelezwa kwa simu sauti yake ikalainika. "Ni wazo zuri sana, Lena. Ni haki yake. Utaweza wewe? Kama ni vigumu tutamtafuta mtu mwingine."

"Naweza."

Akaweza. Rasimu ya basi aliiweka kando, akakaa juu ya lile duka la vitambaa akaanza upya. Skrini nyeusi. Kutoka kwenye weusi inajitokeza bahari ya kijivu, ile ya Titahi Bay wakati wa baridi, haina mtu wala ndege. Picha ya Seki ndani ya suti inakuja polepole, inakaa, inakwenda. Majina yanafuata kwa herufi nyembamba nyeupe, ndogo, zimeachana sana, kila moja imesimama peke yake kama mtu aliyefika mapema kanisani. Wanawake wawili wanaimba wimbo wa kitabuni kwa sauti ya chini. Alifanya kazi bila kuchoka na bila kufurahi. Mkono ulijua.

Tamahou, Mmaori aliyekuwa mhariri wa filamu zote za Seki na rafiki yake tangu ujana, alikuja kuiangalia. Ilipokwisha alikaa mikono katikati ya magoti.

"Hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote ulizowahi kufanya," akasema. Hakusema kwa furaha.

"Asante."

"Umeiangalia ikiwa imeunganishwa na filamu?"

"Sijaiangalia."

Tamahou akamtazama usoni. "Haya," akasema. "Tutaona."

Waliona Jumamosi moja alasiri, kwenye ukumbi mmoja wa sinema pale Porirua. Philippa aliwaalika watu wasiomjua Seki: wauguzi waliotoka zamu, wazee wa chama cha bustani, timu ya raga ya vijana na makocha wao. Waje waangalie, waseme wanaonaje. Matalena alikaa mstari wa nyuma.

Mwanzo ulipopita ukumbi ulitulia kama maji mtungini. Mtu mmoja alivuta kamasi. Matalena alisikia ile pumzi ya watu wengi inayoshuka kwa pamoja, akajua mlango wake umefanya kazi. Kisha filamu yenyewe ikaanza, na kwaya ikatoka kanisani ikibishana kuhusu vitafunio, na hakuna aliyecheka.

Mwalimu wa kwaya alikohoa, akajidai amemeza mbu. Kimya. Mke wa mchungaji akakalia meno ya bandia ya mtu. Kimya. Ikaja ile sehemu ambayo dereva anakanyaga breki na nguruwe anatoka chini ya viti, anateleza kwenye njia ya katikati mzima mzima, anang'aa mafuta, mpaka miguuni pa mchungaji anayesali. Siku ya kuipiga picha hiyo mafundi walicheka hata wakairudia mara nyingi, kwa sababu mara kamera imetikisika, mara sauti ya Seki mwenyewe imeingia anavyopasuka kwa kicheko. Sasa nguruwe alifika miguuni pa mchungaji, na mwanamke aliyekaa mbele ya Matalena akamshika mumewe mkono kwa nguvu, kama wanaoangalia ajali.

Matalena aliangalia migongo ya watu. Hakusikia uchungu wala aibu. Aliona tu kwamba kila mara mwalimu wa kwaya alipokohoa, mabega yote ukumbini yalipanda.

Taa zilipowaka Philippa alijikaza akatabasamu, akauliza watu maoni. Kocha mmoja wa raga, jitu la shingo nene, alisimama na kofia mkononi.

"Imenigusa," akasema. "Ila sijaelewa. Yule mwalimu alikufa saa ngapi?"

"Hakufa," akasema Philippa.

"Hakufa? Mimi tangu anakohoa nilisema ndiyo hiyo. Nikawa nangoja."

"Sote tulikuwa tunangoja," akasema muuguzi mmoja.

Mzee wa bustani akainua mkono. "Nilitaka kuuliza kuhusu yule nguruwe. Ni ishara ya nini?"

Watu walipoondoka walibaki watatu, kati ya viti vitupu na harufu ya bisi. Philippa alikuwa anatembea huku na huku. "Tupunguze. Nguruwe ni mrefu mno. Tukate pale anapozunguka."

"Nguruwe hana kosa," akasema Tamahou.

"Basi nani ana kosa? Filamu hii hii niliionyesha kwa watu wawili kabla ya... kabla, bila mwanzo wowote, wakacheka mpaka wakalia."

"Tumewavalisha nguo za matanga mlangoni, Philippa. Sasa unashangaa hawachezi?"

Philippa akasimama. Wote wawili wakamgeukia Matalena.

"Ni mwanzo," akasema Matalena. "Nilijua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mama aliposema suti."

"Mbona hukusema, Lena?" Philippa hakuwa na ukali, alikuwa anauliza kweli.

Matalena akatafuta jibu. Alitafuta kwa uaminifu, kama mtu anayepapasa mfuko wa koti, na mfuko ulikuwa mtupu. "Sikuona kama ni mimi wa kusema," akajibu.

Tamahou akaenda mlangoni. Philippa akakaa. Akasema kwamba filamu itaonyeshwa rasmi mwezi ujao, kwamba mwanzo lazima ubadilike, na kwamba yeye hawezi, hawezi kabisa, kwenda kwa mama aliyefiwa kumwambia picha ya mwanawe inaondolewa. Mimi ni mgeni kwenye nyumba ile, alisema. Nitaanza na neno gani?

"Nitakwenda mimi," akasema Matalena. Hakuwa jasiri. Ni kwamba hakuogopa, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Alikwenda Jumatano asubuhi, upepo unang'oa nguo kwenye kamba. Mama Moelagi alikuwa jikoni anamenya taro, yale majimbi ya kwao, ndoo ya maganda kati ya miguu, redio ya Kisamoa inanong'ona juu ya friji. Alimtazama mkwewe, akatazama kompyuta aliyoibeba kwapani.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekula nini? Umekonda kama ufagio. Keti."

Matalena akaketi. Akaieleza habari yote kama ilivyokuwa, kocha, mzee wa bustani na nguruwe. Moelagi aliendelea kumenya. Kisu kilizunguka taro bila kusimama.

"Kwa hiyo hawakucheka," akasema.

"Hawakucheka."

"Na wacheke nini? Mwanangu amekufa."

"Hawamjui, mama. Wamekuja kuangalia kwaya na nguruwe."

"Basi waambiwe kwanza amekufa, halafu wacheke. Wewe utashindwaje kuwapangia hivyo? Si ndiyo kazi yako?"

"Haipangiki. Mchungaji akifungua ibada kwa wimbo wa mazishi, hata akimleta bibi harusi baadaye watu watamwangalia kama jeneza. Kile cha kwanza ndicho wanachokaa nacho."

"Wewe mbona unaweza? Wewe ulizika, na hukulia hata tone." Kisu kikasimama. "Kanisa zima liliona. Nilikuwa natazama pembeni kila mara, nasema labda sasa. Labda sasa. Nawe umekaa tu, kama unangoja basi."

Redio ilitangaza bei ya tiketi za Apia. Matalena akasema, "Ni kweli. Sikulia."

"Kwa nini?"

"Sijui, mama. Nangoja. Hayaji."

Moelagi akamwangalia muda mrefu, si kwa upole. Kisha akachukua taro nyingine. "Na sasa unataka kumfuta."

"Simfuti. Atakuja mwishoni."

"Mwishoni! Mwishoni watu wamevaa makoti, wanatafuta funguo, watoto wanataka choo. Nani anaangalia mwishoni?"

"Nitawazuia."

"Kwa kamba?"

"Kwa sauti yake. Walipokuwa wanampiga nguruwe picha, Seki alicheka nyuma ya kamera, wakaiharibu ile picha. Tamahou aliitunza sauti. Skrini itakuwa nyeusi, watamsikia anacheka, na watabaki wajue ni nani huyo. Ndipo picha itatoka. Ya suti, kama ulivyosema."

Moelagi aliweka kisu chini. Aliosha mikono, akaikausha taratibu kwenye aproni, akavuta kiti. "Nionyeshe hicho unachotaka kuweka mbele."

Matalena akafungua kompyuta kati ya maganda na bakuli la tui. Basi likasimama, mlango ukafunguka. Herufi zikapanda. Kitone kikaruka, i ikakikimbiza. O ikaingia na kofia yake, ikashusha mwili, ikajaza viti viwili. Kwaya ikatafuta sauti. Moelagi aliangalia bila uso kubadilika.

"Rudisha."

Matalena akarudisha.

"Ile O," akasema Moelagi. "Ile ni nani?"

Angeweza kudanganya. Kuna siku angedanganya, akasema ni herufi tu, mama. Lakini kudanganya kunataka nguvu. "Ni wewe."

"Mimi."

"Ndiyo, mama."

"Nani alisema mimi nakaa viti viwili?"

"Seki."

"Mshenzi!" Moelagi akapiga meza, tui likaruka. "Mpumbavu mtoto yule! Unajua ile ilikuwa nini? Hakukueleza, najua hakukueleza! Tulikuwa tunakwenda Hastings, mashindano, basi limejaa mpaka watu wamekaa juu ya ngoma. Kile kiti cha pili hakikuwa cha makalio yangu! Kilikuwa cha keki! Keki ya mchungaji, ghorofa tatu, nimeoka usiku kucha. Wanasema mama sogea, sogea, nasogea wapi na keki? Na yeye alikuwa na miaka saba, amekaa chini sakafuni, analia njia nzima, anamwambia kila anayepita, mama yangu amempa keki kiti, mimi amenikalisha chini! Mpaka Hastings! Aibu niliyoipata!"

Alikuwa anacheka. Kifua kilikuwa kinampanda na kushuka, mkono umefunika macho. Halafu kicheko kikabadilika katikati yake bila kusimama, kama basi linalobadilisha gia, na alikuwa analia kwa sauti ile ile, kwa nguvu zile zile, mpaka bakuli likatetemeka mezani.

Matalena alinyanyuka, akaenda nyuma yake, akamwekea mkono mgongoni. Ndivyo watu walivyomfanyia yeye siku zote hizi, kwa hiyo alijua mkono unawekwa wapi. Kiganja chake kilisikia joto la gauni, na mfupa wa bega ndani ya nyama, na zipu. Alisimama hivyo. Redio ikaingia kwenye michezo.

Baadaye Moelagi alipenga kwa aproni. "Na kofia siyo," akasema.

"Siyo vipi?"

"Umeichora ya duara, tupu. Kofia yangu ina ua. Kushoto. Wanawake wote wa kanisa watakuwepo, wataniuliza Moelagi ni lini ulivaa kofia ya mjane wa Kizungu." Akaisogeza kompyuta kwa kidole kimoja, kama chungu cha moto. "Na uweke keki. Kiti cha pili kiwe na keki. Watu wajue sikukaa viti viwili bure."

"Ghorofa tatu?"

"Kwani mchungaji angekula ghorofa ngapi?"

Akachota taro ya jana na samaki, akamwekea. Matalena akala. Moelagi alimwangalia mpaka alipomaliza, na alipomaliza hakumwongezea.

Kuchora keki kulichukua siku kadhaa, kwa sababu keki iliyochorwa haraka inafanana na jengo la ofisi. Matalena alitia krimu, akaifanya ghorofa ya juu itikisike kila basi linaporuka shimo, na O inanyoosha kimkono kuishika bila kugeuza kichwa. Tamahou alipoona kile kimkono alicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kisha akaomba radhi.

"Kwa nini unaomba radhi?" Matalena akamuuliza. "Ndiyo kazi yake."

Filamu ilionyeshwa rasmi mchana wa Jumamosi, ukumbi uleule. Safari hii kanisa zima lilikuja, wanawake wamevaa nyeupe pee na kofia zao hata nyuma yao watu hawakuona vizuri. Philippa alikuwa amefunga kidole chake kwenye mkanda wa mkoba mpaka kimekuwa chekundu. Taa zikazimwa.

Kwaya ilipoanza kusafisha koo tu, mtu mmoja mbele akaguna kicheko. Kitone kilipotoroka wakacheka wengi. O ilipopanda na kofia yake, mwanamke mmoja akapiga kelele kwa Kisamoa, "Moelagi! Ni Moelagi huyo!" na mstari mzima ukaanguka kwa kicheko. Walipigana mapaja, walishikana kofia. Mama Moelagi akasimama mahali pake gizani, akawageukia wote, akainua kidole kuonyesha ua lake upande wa kushoto, akaketi. Baada ya hapo filamu haikuhitaji tena kuomba ruhusa. Mwalimu akikohoa walicheka. Nguruwe alipoanza safari yake walikuwa wanapiga kelele za kumshangilia kama mchezaji wa raga aliyeupata mpira, hata sauti ya filamu yenyewe haikusikika.

Matalena alikuwa mstari wa nyuma tena. Kicheko kilimfikia kama kelele za majirani wenye sherehe: unajua ni furaha, unajua hata ni nyimbo gani, lakini kuna ukuta. Alikuwa ameridhika. Hilo alilijua, kwamba kazi imekaa sawa. Alilishika neno hilo, kazi imekaa sawa, maana ndilo lililokuwa na umbo.

Mwishoni skrini ikawa nyeusi. Watu wakaanza kunyanyuka na makoti yao, kama Moelagi alivyosema. Ndipo Seki akacheka. Kilikuwa kile kicheko chake cha kujaribu kujizuia, kinachoanzia puani, halafu kinashindwa. Waliosimama wakasimama hivyo hivyo, mkono mmoja ndani ya koti. Picha ya suti ikatoka. Mbele kabisa mtu akaanza kulia, kisha wa pili, na wanawake wa kanisa wakaukamata ule wimbo wa kitabuni bila kupangana, kwa sauti nne, palepale walipo.

Matalena alikisikiliza kile kicheko mpaka mwisho. Pale mwisho, mahali Tamahou alipoikata sauti, palikuwa na mlio mdogo, tik, kama ukucha kwenye meza. Hapa pangelainishwa, aliwaza. Kisha akagundua kwamba, katika kicheko chote kile, hilo tu ndilo alilowaza.

Nje upepo ulikuwa unapeleka makaratasi kuelekea bandarini. Philippa alimkumbatia, Tamahou akamkumbatia, na watu asiowajua wakamwambia maneno ambayo aliyajibu. Mama Moelagi alikuja mwisho, kofia ameishika kwa mkono mmoja, macho mekundu, amechoka kama mtu aliyetoka shamba.

"Umelia?" akauliza.

"Bado, mama."

"Haya." Akampa mkono aushike. "Nipeleke nyumbani. Miguu hii haitanifikisha kwenye treni."

Wakaenda kwenye maegesho. Matalena akasimama mwanzo wa safu ya kwanza akatazama magari. Akaingia safu ya pili. Alikuwa na ufunguo mkononi, akaubonyeza, hakuna gari lililowaka taa. Wakazunguka tena, taratibu, Moelagi anahema, mpaka wakarudi walipoanzia.

"Umeliacha wapi?"

"Sikumbuki. Seki ndiye aliyekuwa akikumbuka." Maneno yakatoka ya kawaida, na kisha akabaki amesimama hapo, kwa sababu hakujua aende upande gani.

Moelagi hakumsukuma. Alikaza kofia kichwani, akaangalia ile bahari ya mabati yanayong'aa kwa jua la alasiri.

"Ni la rangi gani?" akauliza.

"La buluu."

"Basi wewe tazama huku, mimi nitatazama huku."